Draya ilivyonimalizia uniti 56 kwa siku tano, nikiuguza Ilboru

Wiki tatu nzima nilitumia ile draya, mashine ya kukaushia nguo, bila kujua kuwa ina filta. Naanza na hilo ili usinidhanie mtaalamu, mi ni mama wa nyumbani na nashona mapazia kidogo, haya nimeyajua kwa kuunguza hela, na nikikumbuka kiasi kilichoungua naona bora niandike tu, kuna mtu huko anataka kununua hii mashine leo au kesho na hajui anachokwenda kukutana nacho.

Mama mkwe wangu alipata kiharusi Februari 2024. Upande wa kushoto ukalala, akakaa hospitali siku kumi na mbili, alipotoka tukamleta kwetu Ilboru, Arusha, kwa sababu kule Machame alikuwa anaishi na mjukuu mmoja wa darasa la sita. Aliyewahi kuuguza mtu wa kitandani anajua, kinachokumaliza siyo dawa wala kumgeuza usiku, ni shuka. Shuka mbili tatu kwa siku, taulo, kanga, blanketi jepesi, na pampasi za watu wazima tulikuwa tunaweza kumudu za usiku peke yake. Februari na Machi haikuwa tatizo, unafua saa tatu, saa nane unaanua, jua lipo. Halafu ikaja Aprili.

Wa Dar mnisamehe lakini nyie baridi hamuijui. Ukungu unashuka kutoka mlima Meru asubuhi unakaa mpaka saa saba mchana, ukiondoka ni kuipisha mvua, na masika ya mwaka ule hayakuwa ya mchezo. Shuka linakaa kambani siku mbili bado ukilishika ni bichi, siku ya tatu limeshaanza kunuka uvundo na inabidi ulifue upya. Nikafunga kamba sebuleni, wageni wanapita wameinama. Nikajaribu kukausha juu ya jiko la mkaa na milango tumefunga kwa ajili ya baridi, kichwa kikaniuma mpaka nikatapika, ndo dada anayenisaidia akafungua madirisha yote na kunigombeza kama mtoto. Alikuwa sahihi, moshi wa mkaa usioonekana unaua watu, usijaribu. Na juu ya yote mgongo wa mama ukaanza kuwa mwekundu sababu ya kulala kwenye unyevu, na hapo ndo nikasema potelea mbali, nanunua mashine.

Pale mjini wanapouza vifaa vya mtumba nikakuta mbili. Moja kubwa kama kabati, ya Marekani, laki tatu na nusu. Nyingine ndogo ya Uingereza, laki nne na nusu. Mi mwenyewe nilishaikumbatia ile kubwa ya bei poa, bahati nzuri nilikuwa nimeenda na fundi umeme wetu wa mtaani, akaichungulia nyuma akacheka, akaniambia mama Neema hii heater yake inataka volti 240 na mota inataka 120, na umeme wa kwao ni hertz 60, wetu ni volti 230 na hertz 50, ukifika nayo nyumbani utaigeuza kabati la viatu. Ile ya Uingereza inatumia umeme kama wetu na hata plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Kwahiyo kabla hujapenda ukubwa soma kwanza kile kibandiko cha nyuma.

Nikaibeba kwa kirikuu mpaka nyumbani, nikaiweka stoo, nikachomeka kwenye ekstensheni ileile inayolisha friji. Hayo makosa mawili nimeyafanya ndani ya nusu saa.

Kosa la stoo kwanza. Mashine yangu ni ile ya kutoa hewa kwa bomba, yaani inavuta hewa ya chumba, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo halafu inaitema kwa nyuma ikiwa imebeba maji yote. Mi bomba sikuwa nalo, aliyeniuzia hakunipa na mi sikuuliza. Sasa ikawa inatema ule mvuke humohumo stoo, na stoo ina kidirisha cha ukubwa wa daftari, halafu inavuta hewa ileile yenye mvuke kukaushia nguo. Ni sawa na kujifuta kwa taulo lililolowa. Ukuta ukawa unatiririka jasho, jipsamu ya juu ikaota madoa meusi, na shuka tatu zilichukua saa tatu na bado kwenye mapindo ni mbichi. Mi nikawa nasifia kwamba zimetoka za moto.

LUKU sasa, yaani ule umeme wa kulipia kabla. Nyumbani kwangu bila draya tulikuwa tunakula kama uniti tatu kwa siku, friji, taa, televisheni, pasi na cherehani yangu. Nikinunua ya elfu ishirini naletewa uniti 56, inanifikisha wiki mbili na nusu. Ile wiki ya kwanza ya draya nilinunua Jumatatu usiku, Jumamosi tunakula chakula cha jioni mita ikaanza kulia. Baba Neema akadhani mita mbovu. Akaenda kuangalia, akarudi, akakaa kimya, halafu akaniuliza taratibu kabisa, "Hivi ile kitu yako inakula kiasi gani?" Nikamjibu kwa ukali kwamba kama anataka mama yake alale kwenye maji aseme. Maneno mabaya yale na sikupaswa kuyatoa, mama yuko chumba cha pili na masikio yake hayajapata kiharusi. Nililala nimekasirika, nikaamka saa kumi usiku nikaenda kukaa stoo nikalia juu ya ndoo, kwa sababu hesabu nilikuwa naijua, kwa mwendo ule ingekuwa zaidi ya laki moja kwa mwezi umeme peke yake.

Wiki ya tatu ekstensheni ikayeyuka. Nilisikia harufu ya plastiki nikadhani majirani wanachoma taka, kumbe ni stoo kwangu, plagi imekuwa kahawia na ukiigusa inaunguza. Fundi akaja akazima kila kitu, akanipa somo bila kunikopesha maneno: draya inavuta wati 2,000 na zaidi kwa muda mrefu mfululizo, siyo kama pasi inayowaka na kujizima, kwahiyo ekstensheni hapana kabisa, inatakiwa waya wake peke yake kutoka mein switch, wa milimita 2.5, na breka yake na soketi yake. Elfu sitini pamoja na ufundi. Iliniuma, lakini nikiangalia ile plagi naona ni bei ya nyumba nzima.

Akiwa humohumo ndo akaniuliza, filta unaisafisha kila baada ya muda gani? Filta gani fundi? Akafungua mlango akaingiza vidole pale ukingoni kwa chini akachomoa kitu kama kichujio cha chai kikubwa, kimejaa manyoya ya nguo, rangi ya kijivu, unene wa kidole, yaani limekuwa blanketi dogo. Wiki tatu za blanketi, taulo na kanga zote zimeacha nyuzi zake pale na hewa haina pa kupita. Niliona aibu. Sasa hivi kila nikitoa nguo natoa na filta, mkono mmoja tu unafuta, sekunde kumi. Na mara moja kwa mwezi naiosha kwa sabuni na mswaki mkuukuu, kwa sababu ile laini ya nguo ya kunukia tunayoweka kwenye maji ya mwisho inaacha utando kwenye wavu huwezi kuuona kwa macho, mwagia maji, yakituama juu badala ya kupita ujue imeziba. Hayo manyoya yanashika moto haraka kuliko karatasi, siyo suala la uniti peke yake.

Bomba nalo nilinunua mara mbili. La kwanza la plastiki la mikunjomikunjo, refu mita nne, nikalizungusha nyuma ya magunia ya mahindi mpaka dirishani. Baada ya siku chache likawa zito, kumbe mvuke ukipita njia ndefu ya baridi unageuka maji humohumo ndani na yanatuama kwenye mikunjo pamoja na manyoya. Nikalitupa. Nikahamisha mashine ikae imegusa ukuta wa nje, fundi akatoboa tundu la inchi nne na fundi bati akanitengenezea bomba la bati fupi lililonyooka, kwa nje limewekewa kifuniko kinachofunguka kwa upepo wa mashine na kujifunga ikizimwa. Chalii wake alitaka kuweka wavu wa kuzuia panya, usikubali wavu, manyoya yananasa pale ndani ya wiki unakuwa na tatizo lilelile. Elfu thelathini na tano kila kitu. Siku hiyohiyo shuka zilezile za saa tatu zikakauka kwa saa moja na dakika ishirini, nikasimama nje nashika ule upepo wa moto unavyotoka ukutani kama mtoto aliyeona treni.

Nikadhani nimemaliza. Uniti zilishuka kweli ila bado zilikuwa nyingi, mpaka alipokuja kijana wa dada yangu anayesoma mambo ya umeme chuo cha ufundi hapa mjini. Huyu kwanza alienda kusoma mita kabla na baada ya kukausha, kitu ambacho mi na akili zangu sikuwahi kufikiria, unaandika namba, unazima vingine vyote, unawasha draya, ukimaliza unaandika tena. Ikaja uniti 3.9 kwa mzigo mmoja. Halafu akaomba mizani. Nikaazima kwa mama muuza mchele hapo jirani, yeye mwenyewe akaja nayo maana alitaka kuona wanaopima shuka ni watu gani.

Shuka na taulo zikiwa kavu, kilo 3.8. Baada ya dada kuzifua na kuzikamua kwa mkono, na ana mikono ya nguvu yule, kilo 7.1. Akaniambia, mama mdogo, hapa unaingiza lita tatu na zaidi za maji kwenye mashine, na maji kuyageuza mvuke ni ghali, lita moja tu uichemshe mpaka ikauke yote ni karibu robo tatu ya uniti, na hapo sijahesabu joto linalopotea ukutani. Nikaona picha, kumbe kila siku nilikuwa nawasha moto kukausha sufuria la maji.

Akasema maji yatoe kwa kuyazungusha, usiyatoe kwa kuyachemsha. Nikanunua mtumba ile mashine ya mapipa mawili, moja linafua lingine linakamua, laki moja na ishirini, na kwa kweli lile la kufulia silitumii sana, nilifuata la kukamulia. Dakika tano inanguruma, mita hata haijui kama kuna kitu kimewashwa, na zilezile shuka zikapima kilo 5.9. Zaidi ya lita nzima imetoka kwa mrija chini, bure unaweza kusema. Kisha tukazitundika kibarazani chini ya bati tangu saa nne mpaka saa tisa, siku ya ukungu kabisa hata Meru haionekani, tukapima tena, 4.9. Upepo peke yake umebeba lita moja bila jua. Hapo ndo nikaziingiza kwenye draya, nusu saa, uniti 1.3.

Ukichukua kitu kimoja humu chukua hicho. Draya ni ya kumalizia. Sisi tuliona kwenye tamthilia watu wanatoa nguo zinadondosha maji wanatupia mle ndani, tukadhani ndo inavyotumika.

Sasa ya upakiaji. Shuka likiwa peke yake na taulo linajifunga kama mbeleko, taulo linakaa katikati kama mtoto na linatoka bichi wakati shuka limeshakauka mpaka limekuwa kama karatasi. Mi nakausha shuka na shuka, taulo na taulo, nasimamisha katikati nazikung'uta na kuzigeuza. Usijaze, pipa liwe na nafasi ya nguo kuanguka, zikiwa zimebanana hewa inapita pembeni. Ila kuweka nguo mbili tu nayo ni hasara maana unapasha moto lile bati lote kwa ajili ya soksi. Na kama una mizigo miwili kausha mfululizo, wa pili unakuta mashine bado ya moto.

Sweta la shule la Neema niliweka nalo. Kwenye kibandiko limeandikwa sufu na limechorwa kile kiboksi chenye duara lililokatwa kwa alama ya X, yaani usitie kwenye draya, mi nikaona mapambo. Likatoka linamtosha mwanasesere. Elfu ishirini na tano nyingine, na mtoto akaenda shule na sweta la kaka yake mikono imekunjwa mara tatu.

Hili linalofuata wenye wagonjwa msome pole pole. Chini ya shuka la mama huwa tunatandika makintoshi, ule mpira. Siku moja dada aliutia mle ndani pamoja na shuka, nikauwahi. Mpira na chochote chenye sponji au plastiki kwa ndani havipaswi kuingia humo, vinaanikwa tu. Na mafuta. Mama alikuwa anachuliwa mguu na mkono kila jioni kwa mafuta, taulo za kuchulia tulikuwa tunafua kwa maji ya baridi na sabuni ya unga kidogo, zinaonekana safi. Jioni moja Mei umeme ukakatika draya ikiwa katikati, nikasema utarudi sasa hivi, nikaziacha. Baada ya kama saa moja na nusu nikasikia harufu ya kitu kama maandazi yanaungua, mashine imezimwa na umeme haujarudi! Nikafungua, taulo zilizokuwa katikati ya rundo zimekuwa kahawia na za moto mpaka zinaunguza mkono. Nikazitoa nje kwenye mvua. Kumbe mafuta ya kupikia au ya kuchulia yakibaki kwenye kitambaa, kikiwa cha moto na kimerundikana, yanaendelea kujitengenezea joto yenyewe mpaka yawake, ndo maana zile dakika za mwisho mashine inazungusha bila moto, ni za kupooza nguo, usizikatishe. Zile taulo sasa nazifua kwa maji ya moto kisha zinaenda kambani zikae hata siku tatu, draya haziioni. Na umeme ukikatika natoa kila kitu natandaza juu ya kitanda. Usiku nikilala siiwashi, na nikitoka nyumbani siiwashi.

Ya kwangu ni ya kuzungusha kitasa cha dakika, haijui kama nguo zimekauka, ukiweka saa mbili itakaa saa mbili inakaanga. Kwahiyo naweka dakika 25 au 30 naenda kushika. Shuka nalitoa likiwa na ubichi kidogo kwenye pindo, nalikunja la moto hapohapo, na pasi sijaligusa. Binamu yangu wa Njiro anayo ya kisasa yenye kusikia unyevu yenyewe, ikawa inazima nguo bado mbichi, akamwita fundi, fundi akakuta vile vibati viwili vya kusikia vimepata utando wa laini ya nguo, akavifuta kwa kitambaa chenye siki, kazi imeisha. Ile yake haina bomba, maji yanaingia kwenye kitenki unamwaga mwenyewe, nayo ina kidude kama rejeta kinachotaka kusafishwa na chumba kiwe na hewa. Zipo pia zinazotumia mtambo kama wa friji uliogeuzwa, hizo zinakula kama nusu ya uniti za kwangu, bei yake ndo sikuiweza. Kama mnafua kila siku miaka na miaka piga hesabu, inaweza kulipa.

Jambo la mwisho la hela, jirani yangu yuko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, ya uniti 75 kwa mwezi, akaja kuniuliza na yeye anunue. Nikamwambia wewe utaumia kuliko mimi, ukivuka 75 zinazozidi unapigwa bei ya juu, na ukizoea kuvuka unahamishwa kabisa. Akanunua spina tu, ile mashine ya kukamulia. Ameridhika.

Sasa hivi elfu ishirini inanifikisha wiki mbili kasoro siku. Jua likiwepo mashine inakaa imezimwa hata mwezi mzima, imewekewa kitambaa juu na chungu cha maua. Baba Neema ndo anayesafisha filta siku hizi, hatujawahi kuzungumza ule usiku, ila kila nikienda nakuta imeshasafishwa.

Julai, ile baridi ya kutoa moshi mdomoni, nilimtandikia mama shuka limetoka mle ndani dakika ileile. Maneno yalikuwa yameanza kurudi, moja moja. Akalipapasa kwa mkono wa kulia muda mrefu, akaniuliza, "Kumbe leo... jua... limetoka?"

Nikamwambia hapana mama, hiyo ni LUKU. Akacheka mpaka upande wa kushoto.